Kahawa ya Fanueli Ndani ya Beseni

Mti wa kahawa uliokaa kibarazani kwa Restuta, mtaa wa Sogea, Tunduma, ulikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wa mwanamume, la kijivu, lenye mikunjo ya uzee na ukoga wa kijani upande usiopigwa jua. Matawi yalilala kwa ngazi, moja juu ya jingine, na kila mwaka yalichanua maua meupe yenye kunukia, yakazaa punje zisizozidi thelathini. Punje hizo Restuta alizianika kwenye sinia, akazikaanga, akazitwanga, na kikombe kimoja kilichopatikana alikunywa yeye na mumewe Abrahamu, wakipokezana mafunda. Mchungaji aliwahi kukiulizia mara mbili. Mara zote mbili alipewa chai.

Restuta ni mtu wa kujivuna, na mimi siko hapa kumtetea. Nusu ya watoto wa Tunduma wamevaa sare alizoshona yeye, na akiona mtoto barabarani mwenye pindo lililofumuka atamsimamisha kumwuliza ameshonewa na nani. Akisikia ni fundi mwingine, atashukuru Mungu kwa sauti. Lakini majivuno yake ya cherehani yalikuwa kitu kidogo tu ukilinganisha na yale ya mti. Mteja aliyekuja kupimwa shati aliuona mti kwanza, akaambiwa miaka yake, akaambiwa arudi nyuma kidogo autazame vizuri, ndipo akapimwa.

Alikuja nao mwaka 1984, akiwa bibi harusi wa miaka ishirini. Baba yake, Fanueli, alikuwa mkulima wa kahawa katika nyanda za Mbozi, miongoni mwa wale wa kwanza kuanzisha chama cha msingi kijijini kwao. Siku ya kumuaga binti yake hakutoa hotuba ndefu. Alimpa mche mmoja ndani ya kopo la maziwa ya unga, majani sita tu, akamwambia, "Unakwenda mahali pa mawe na malori. Ukipata kiwanja, uupande huu, ujue umefika nyumbani."

Kiwanja hakikupatikana. Walipanga vyumba viwili vyenye ua wa sementi, ambapo hata mchicha haukuwa na pa kushika. Abrahamu, fundi wa magari makubwa, alitoboa matundu manne chini ya beseni la bati walilopewa harusini, Restuta akalijaza udongo wa kichuguu, mchanga wa mtoni na mbolea ya kuku iliyokaa mwaka mzima, akaupanda mti humo. Akasema ni kwa muda tu. Muda huo ulikwenda miaka kumi na minne.

Mwaka wa tatu majani yalianza kugeuka njano, yakadondoka. Restuta aliung'oa mti na donge lake zima, akakuta mizizi imezunguka beseni kama uzi uliojisokota kwenye bobini. Hakuwa na wa kumwuliza. Alichukua mkasi wake wa kitambaa, mkasi ambao hata Abrahamu haruhusiwi kukatia kamba, akakata theluthi ya mizizi, akaurudisha mti kwenye udongo mpya huku akilia waziwazi, maana alijua ameua zawadi ya baba yake. Wiki ya pili mti ukatoa jani. Tangu siku hiyo, kila baada ya miaka mitatu, mvua za kwanza zikishuka, anafanya hivyohivyo, ila halii tena.

Mengine alijifunza kwa macho na kwa makosa. Aligundua kwamba kikombe kimoja cha maji asubuhi kinatosha, isipokuwa mwezi wa tisa na wa kumi upepo unapokausha hadi midomo ya watu, ambapo mti unataka kingine jioni. Vumbi la malori yanayopanga foleni ya mpakani lilikuwa linaziba majani, kwa hiyo kila Jumamosi aliyafuta jani kwa jani kwa kitambaa chenye maji. Alitaka matawi yalale, si yasimame, basi Abrahamu akamletea nyaya laini za shaba alizozitoa kwenye mota mbovu. Akayafunga nazo juu ya vipande vya mpira wa baiskeli ili gome lisiumie. Na maotea, yale machipukizi yanayochomoza shinani yakitaka kwenda juu moja kwa moja, aliyakwanyua kwa ukucha wa kidole gumba kabla hayajafika urefu wa punje ya mchele. Hakuacha hata moja. Ukiacha otea moja, alisema, kesho una mti mwingine na wako umeupoteza.

Kiwanja kilipatikana mwaka 1998, mwaka uleule baba yake alipofariki. Abrahamu alichimba shimo mbele ya nyumba mpya. Restuta akatoka na beseni, akasimama kando ya shimo tangu asubuhi mpaka mafundi wakamaliza kupiga bati, kisha akasema lifukiwe. Hakueleza sababu, lakini mimi naijua. Mti ule ukiingia ardhini ungekuwa mti wa kahawa kama mingine, ungempita kimo kwa misimu miwili, na kazi ya mikono yake ya miaka kumi na minne isingeonekana tena na mtu yeyote. Aliogopa jambo hilo kuliko alivyowahi kuogopa jambo lolote.

Jina la kazi yake alilipata kwa bahati. Mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, wakala wa forodha, alikuja kushonewa suti, akauona mti, akasahau suti. "Mayo, kumbe na ninyi mna bonsai!" alisema. Akamwonyesha kwenye simu picha za misonobari ya Japani iliyomo ndani ya sahani za udongo, mmoja ukiwa na miaka mia tatu. Restuta alizitazama moja baada ya nyingine. Mwishowe akasema kwamba basi wa kwake bado mtoto mchanga. Akamwuliza yule mama, huyo mwenye mti wa miaka mia tatu anaishi vipi muda wote huo? Akajibiwa kwamba haishi, mmoja akifa mwingine anapokea. Suti ile ilichelewa siku nne, na Restuta hakuomba radhi.

Sasa lazima nimtaje Edson. Edson ni kitinda mimba, mdogo wake Restuta, na ndiye aliyerithi shamba. Bei ya kahawa iliposhuka, na ugonjwa wa chulebuni ukawa unaozesha punje kabla hazijaiva, Edson akang'oa mibuni yote ya baba yao akapanda mahindi. Hakumwambia mtu. Restuta alikwenda kijijini Krismasi ya mwaka 2009 na mifuko ya zawadi, akakuta mahindi yamefika kiunoni kuanzia barabarani mpaka kwenye ukingo wa kaburi la Fanueli.

"Umeing'oa yote?" aliuliza.

"Dada, watoto hawali kahawa," Edson akajibu.

Aliondoka jioni ileile na mifuko yake. Tangu siku hiyo walikutana misibani tu, wakasalimiana kwa adabu kama watu wa makanisa tofauti. Restuta hakukanyaga nyumbani kwa mdogo wake, na Edson hakuwahi kuiona nyumba ya Sogea. Na kwa kuwa majirani wote kijijini nao walibadilisha mashamba wakapanda kahawa mpya isiyoshikwa na magonjwa, mti uliokuwa ndani ya beseni ukabaki peke yake. Ndio uliokuwa kahawa ya Fanueli yote iliyosalia duniani.

Mwezi wa nane mwaka jana mgeni akapiga hodi. Alikuwa Osward, mwenyekiti wa chama cha msingi. Chama kitatimiza miaka hamsini mwezi wa pili, alisema, na kutakuwa na sherehe kubwa. Wamepata mzani wa zamani, wamepata mashine ya kwanza ya kumenyea kahawa, lakini hawana hata mti mmoja wa enzi za waasisi. "Tumesikia dada unao."

Restuta alimkaribisha kibarazani kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Tatizo ni kwamba hakuona vizuri uso wa Osward. Macho yake yalikuwa na ukungu, mtoto wa jicho, miaka miwili sasa, na mti wenyewe alikuwa anaupogoa kwa kupapasa. Alikuwa ameahirisha upasuaji kila mwaka. Siku hiyo aliamua. Mwezi wa pili alitaka awe na macho mawili mazima, kwa sababu moja tu ambayo alimwambia Abrahamu bila aibu: alitaka kuuona uso wa Edson wakati Edson akiutazama mti.

Alikwenda Mbeya katikati ya mwezi wa tisa, akalala kwa binamu yake karibu na hospitali, jicho moja likafanyiwa, kisha la pili. Nyumbani alimwacha Abrahamu pamoja na Mercy, mke wa mwanawe Lusajo, ambaye ni dereva wa lori na wakati huo alikuwa njia ya Lusaka. Mercy alikuwa ameolewa miezi minane tu. Alikuwa binti mpole wa Igamba, anayepiga goti hata akimwamkia mpita njia. Restuta alimwachia agizo fupi: "Maji, kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Basi."

Mercy alimwagilia kama alivyoagizwa. Lakini Mercy amezaliwa shambani. Kwao kuna mibuni mia nane, na tangu ana miaka kumi alikuwa akishika msumeno nyuma ya baba yake. Kila asubuhi aliutazama mti ule na moyo ukamwuma. Aliona gome la kijivu, matawi yaliyokauka kwenye ncha, majani machache, punje za kuhesabika. Kwao mti wa namna hiyo una jina: mti uliochoka. Na kila mtoto wa Igamba anajua kwamba mbuni uliochoka haung'olewi, unakatwa kisiki kabla ya mvua, nao unarudi ujana. Alimwonea mama mkwe huruma, mtu mzima asiyeona, ameachwa na mti unaomfia bila kujua. Akataka akirudi akute amesaidiwa. Abrahamu alikuwa gereji. Mercy akanoa msumeno mdogo wa chuma, akaukata mti ule wa miaka arobaini na mmoja shubiri moja kutoka kwenye udongo.

Restuta alirudi Alhamisi akiwa na miwani myeusi. Alishuka kwenye bajaji, akaivua miwani langoni ingawa daktari alikuwa amemkataza, maana alitaka kitu cha kwanza kukiona kwa macho mapya kiwe mti wake. Alikiona kisiki. Alikiona vizuri sana, hata duara za ndani ya shina angeweza kuzihesabu. Mercy alikuwa amesimama kando na kitambaa cha kumpokelea mizigo, anatabasamu.

Sitarudia yote yaliyosemwa siku ile. Majirani waliyasikia. Mercy alilia amepiga magoti kwenye sementi, akisema, "Mama, kwetu ndivyo tunavyoiponya," na Restuta akamjibu kwamba kwao wana mashamba, yeye alikuwa na mti mmoja. Kisha akaacha kuongea naye. Wiki saba nzima hakumwita Mercy kwa jina. Chakula alikula, lakini ukitaka kujua kama ameshukuru, ungeambiwa hakushukuru.

Alikuwa na huzuni ya kweli, tusimfanyie mzaha. Alikaa kwenye cherehani akashona mikono ya shati upande usio wake. Mwezi wa pili ulikuwa unakuja, na alichokuwa nacho cha kuwaonyesha watu ni kigogo ndani ya beseni. Na kigogo kikikauka, yeye Restuta atakuwa amemshinda Edson kwa miaka kumi na sita tu, kisha wote wawili watakuwa sawa.

Kila asubuhi alikikwaruza kigogo kwa ukucha, kidogo tu, kuona kama ndani ya gome bado kuna kijani. Kijani kilikuwepo. Kisha alilisogeza beseni kivulini, kwani mgonjwa hawekwi juani. Jioni akirudi kutoka sokoni alilikuta juani. Kesho yake akalisogeza tena, na jioni likawa juani tena. Hali hiyo ilikwenda siku tisa.

"Mama Lusajo," Abrahamu akasema, "mti wako siku hizi unatembea."

Restuta akatoka uani. "Nani anasogeza beseni langu?"

Mercy aliacha kuosha vyombo. Safari hii hakupiga goti. "Ni mimi, mama. Kisiki hakina majani ya kuungua. Kinataka jua kwenye gome, ndipo maotea yaamke. Kivulini kitaoza."

"Nani kakuuliza?"

"Umeuliza wewe, mama."

Abrahamu alijifanya anakohoa. Restuta alimtazama binti yule kwa macho yake mapya, muda mrefu, akaona kwa mara ya kwanza kwamba ana kovu la msumeno kwenye kidole cha shahada, kovu la zamani, la utotoni. Kisha akainama kwenye kisiki. Alipoacha hasira kando kidogo akaona na mengine. Mkato ulikuwa wa mshazari ili maji ya mvua yasitulie juu yake. Ulikuwa laini, na umepakwa nta ya mshumaa. Tawi moja la chini lilikuwa limeachwa kwa makusudi ili mti usikose pumzi. Restuta ameishi kwa kutambua kazi za mikono ya watu, na kazi hii ilikuwa safi. Hakusema hivyo. Aligeuka akaingia ndani, na beseni akaliacha juani.

Otea la kwanza lilichomoza wiki ya sita, mvua zilipoanza, tundu la sindano la kijani chini ya mkunjo wa gome. Mercy ndiye aliyeliona. Alimwita Restuta kwa kelele, akasahau kabisa kwamba hawaongei, na Restuta naye akaja mbio na futi ya kupimia shingoni, akasahau vilevile. Wakachuchumaa wote wawili mbele ya beseni. Baada ya siku kumi yakawa tisa. Kidole gumba cha Restuta kikaenda chenyewe kuyakwanyua, kama kilivyofanya kwa miaka arobaini, na ikabidi akishike kwa mkono wa pili.

"Yote tisa yatauchosha," alisema. "Tunaacha mangapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Restuta kumwuliza mtu swali kuhusu mti ule.

"Matatu, mama," Mercy akasema. Akaonyesha kwa kijiti. "Hili la juu sana litavunjika na upepo. Haya mawili yamebanana. Lile la chini lina mguu mzuri, na hili, na lile pale."

"Na lile?"

"Lile zuri kwa macho tu."

Restuta alicheka. Akamwambia, "Haya, Mercy, yaondoe."

Lakini mwezi wa pili ulipofika, aibu ikamrudia. Maotea matatu yalikuwa na urefu wa shubiri na nusu, majani mapana yanayong'aa, machanga ya juu yakiwa na rangi ya shaba. Mazuri, ndiyo. Ila huo haukuwa mti aliouahidi. Osward alipopiga simu, Restuta alianza kusema hajisikii vizuri. Abrahamu akamnyang'anya simu, akamwambia Osward watakuja, kisha akamgeukia mkewe. "Walikualika wewe na mti. Wewe upo, na mti upo. Kuna nini tena?"

Wakaenda kwa pikapu ya mteja wake, Mercy nyuma amelishika beseni kwa mikono miwili safari nzima, hataki hata kanga ipepee isije ikagusa majani.

Uwanja wa chama ulikuwa umejaa. Beseni likawekwa mezani kati ya mzani wa zamani na mashine ya kumenyea, na karani akaandika kwenye kadi: Mti wa miaka 41. Watu wakapita, wakasoma, wakacheka. Mzee mmoja akasema kama huu una miaka arobaini na mmoja basi yeye ana mia mbili.  Restuta akasimama mbele ya meza, akakunja mikono.

"Msitazame nywele," alisema. "Tazameni mguu."

Wakainama. Wakauona mguu ule mnene wa kijivu, ukoga, vifundo vya matawi ya miaka yote aliyoyakata. Kicheko kikaisha. Bibi shamba, ofisa kilimo wa kata, alikuja akapiga goti kabisa, akaushika mti kwa vidole vyote kumi. Aliuliza mizizi imekatwa mara ngapi. Mara kumi na tatu, Restuta akajibu, na mara zote kwa mkasi wake wa kitambaa. Bibi shamba akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Na nani alikukatia kisiki?"

Restuta akageuka kumtafuta Mercy kwa macho.

"Nauliza kwa sababu amekata vizuri mno," bibi shamba akaendelea, akiwageukia watu. "Kahawa hii ya zamani haina kinga ya magonjwa, siwadanganyi, msije mkaijaza mashambani. Lakini ladha yake hatunayo tena. Na mti ukikwanyuliwa maotea miaka yote huwezi kuupata wa pili wake, maana punje huweza kuzaa mche unaotofautiana na mama yake. Ukipanda tawi la pembeni, litatambaa tu maisha yake yote. Ni otea hili lililosimama ndilo linalotoa mti kamili. Kama kisiki kisingekatwa, siku mti huu unakufa, mbegu safi ya mzee ingekuwa imekwenda nao."

Yaani miaka arobaini na mmoja Restuta alikuwa anautunza na wakati huohuo anaukata uzazi, kwa ukucha wake mwenyewe. Jambo hilo lilimwingia polepole. Mwanamke mwingine angeinamisha kichwa. Restuta alikinyanyua.

"Ni mkwe wangu," alisema. Kisha, kwa kuwa waliokuwa nyuma huenda hawakusikia, akasema tena kwa sauti ya kuitia watoto chakula, "Mkwe wangu, Mercy! Huyu hapa!" Akamvuta binti yule kwa mkono mpaka mbele ya meza. Mercy alitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Restuta akamwona Edson. Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, kofia mkononi, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Kwa macho yenye ukungu, misibani, alikuwa amemwona kama kivuli chenye sauti. Sasa aliziona nywele nyeupe na pengo la jino, na mashavu yaliyobonyea yakamfanya afanane na baba yao kiasi kwamba Restuta alishika ukingo wa meza. Maneno aliyoyaandaa kwa miaka kumi na sita yalikuwa yamepangwa mdomoni, ya kwanza, ya pili, ya tatu. 

Edson hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama majani machanga yenye rangi ya shaba.

"Mibuni ya mstari wa juu, kwenye kisima," alisema. "Ile ndiyo ilikuwa na ncha za shaba hivi. Mingine yote ilikuwa kijani."

"Unakumbuka?" Restuta akauliza.

"Mimi ndiye niliyeing'oa, dada. Nitasahau vipi?" Akaizungusha kofia mikononi. "Naomba otea moja. Si la biashara. Pale alipolala mzee nimelima mpaka ukingoni, na kila nikipita naona pako wazi mno. Nataka kitu chake kisimame pale."

Watu waliokuwa karibu wakasogea. Kijiji kizima kilijua habari za hawa wawili. Restuta alihisi machozi, akayaacha yatoke, maana daktari alishasema yanasafisha macho.

"Usiniombe mimi," alimwambia. "Mwombe aliyekata."

Edson, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, akamgeukia bibi harusi wa juzi. "Mkwe, naomba nipatie moja."

Mercy alipiga goti, akamwamkia kwanza. Kisha akaligusa otea la chini kwa kidole chenye kovu, akalibonyeza taratibu.

"Bado, mjomba," alisema. "Bado ni laini. Likikatwa leo litaoza. Mwezi wa nne litakuwa limekomaa. Tutalikata, utaliweka kwenye mchanga chini ya nailoni mpaka litoe mizizi, na mvua zijazo utapanda."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Binti mdogo, goti chini, anamnyima mjomba wa mumewe mbele ya mkutano wa hadhara! Osward alifungua mdomo kutuliza mambo. Lakini Restuta alikuwa anacheka, kicheko kikubwa cha kifua kizima, mkono wake umelala begani kwa Mercy, na hakuna aliyekuwepo uwanjani pale ambaye hakuona jinsi mama huyo alivyokuwa anajisikia.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia mdogo wake. "Mwezi wa nne."

Edson akavaa kofia, akaivua tena. "Basi nitatuma kijana aje Tunduma alichukue."

"Hakuna kutuma mtu," Restuta akasema. "Uje wewe. Uje na mkeo. Na mje Jumamosi, ili mlale."